Jina la Mama Mkwe Katika Tangazo la Milango

Naviundu, Lubumbashi, 4 Novemba 2024

Nkambo Alphonse, babu yangu na mume wangu,

Habari za Mitwaba? Mimi mjukuu wako, yaani mke wako mdogo wa utani, ni mzima. Mama anakusalimu kutoka Likasi. Anasema binti anayesubiri barua za baba yake huzeeka haraka. Mama wa Agnès, mama mkwe wako, anatushinda sote kwa afya. Ana miaka themanini na tisa na magoti yanayolia, lakini jana alimfuata muuza makaa hadi barabarani kwa sababu alikuta mawe ndani ya gunia. Mimi, kitukuu wake, alinilaumu kwa kutomsaidia kupiga kelele.

Najua simu huisikii tangu magitaa yalipokuharibu sikio, kwa hiyo nampa Paluku barua hii. Ananiambia lori lake litafika kwako baada ya siku nne, na kwa watu wa Butembo kama yeye siku nne zinaweza kuwa kumi. Kuna sukari na sabuni ndani ya mfuko mweusi.

Sasa jambo lenyewe. Ofisi yetu inatengeneza tangazo la televisheni la kiwanda cha milango ya chuma. Kazi yangu ni kukata na kuunga picha, kama unavyojua. Mkubwa wangu Ézéchiel anataka rock ya zamani. Alisema hivi: "Léa, bantu ya kununua milango ni bakubwa. Muntu mukubwa, umupatie nyimbo ya wakati alikuwa na nywele, atanunua hata mulango ya jirani."

Nikakumbuka sanduku la marehemu bibi Agnès. Chini ya vitenge nilikuta sahani yenu ya santuri, na kwenye jalada lake vijana watano, suruali pana kama mapazia, na jina la bendi, Les Marteaux, Kambove, 1974. Wewe ni wa katikati. Ulikuwa mzuri, Nkambo. Sikujua.

Niliisikiliza ofisini nikiwa nimesimama. Gitaa lako linasikika kama bati linalochanwa. Halafu ile sauti: "Kangwa, fungua! Kangwa, fungua!" na ngoma zikigonga kama ngumi. Ézéchiel aliruka kutoka kitini. Wimbo wa kugonga mlango, kwa tangazo la milango!

Nimefikiria siku tatu kama ni vibaya. Wimbo ulikuwa wa mtu mmoja aliyetaka kitu kwa nguvu zote, na sisi tunaufanya uuze chuma. Lakini ukibaki sandukuni hausemi na mtu yeyote. Kwa hiyo nakuomba ruhusa, na sahihi yako kwenye karatasi niliyoambatanisha, kabla ya tarehe mosi Desemba.

Na Kangwa ni nani? Alikuwa mpenzi wako kabla ya bibi? Sema tu. Sina wivu, au ninao kidogo.

Léa wako


Mitwaba, 25 Novemba 2024

Mke wangu Léa, mwenye maswali mengi,

Nimepokea sukari, sabuni na sifa za uzuri wangu. Sifa nimezisoma mara tatu, sukari nimeionja mara moja. Mimi ni mzima. Maharage yameota vizuri. Mbuzi wa jirani amekula kofia yangu ya kwenda misa, na jirani anasema kofia ilikuwa chini, kana kwamba mbuzi wake ana sheria kuhusu vitu vya juu. Mvua imeanza mapema. Paluku ameondoka hapa akiangalia mawingu kama mtu anayesoma hati ya deni.

Kuhusu jambo lako: hapana. Usiutumie wimbo ule. Karatasi nairudisha bila sahihi. Upande wa pili wa sahani kuna wimbo wa treni, ule hauna shida na mtu. Chukua huo. Treni pia ina milango.

Kuhusu Kangwa, mke mzuri hamwulizi mumewe maswali ya mwaka 1974.

Swali dogo nami nikuulize. Televisheni ya hapo nyumbani iko chumbani kwako au sebuleni? Na mwenye nyumba, masikio yake bado yanasikia? Nauliza tu.

Salamu kwa wote. Kwake yeye salamu za uani, kama kawaida.

Mumeo Alphonse


Naviundu, 22 Desemba 2024

Nkambo,

Heri ya Noeli inayokuja. Mama atafika kesho na kuku wawili. Mtaa una matope hadi kwenye ngazi ya kanisa. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako imefika tarehe 19. Paluku alikaa siku kumi na sita kwenye daraja lililobomoka, akila mahindi ya watu. Nilikuwa nimekungoja hadi tarehe mbili. Siku hiyo Ézéchiel aliweka karatasi nyingine mezani akasema kiwanda hakingojei malori. Nikaandika: "Kwa niaba ya familia," nikatia sahihi yangu. Niliamini utakubali. Hapana, niandike ukweli: nilitaka ukubali, nikaona ni kitu kimoja.

Tangazo lilianza tarehe tisa. Nilikata beti zote mbili nikabakiza kiitikio tu, sekunde thelathini: mlango wa kijani, gitaa lako, jina, ngumi. Niliona haya kukatakata wimbo wako hivyo, lakini umeenea mji mzima. Watoto wa Naviundu wanagonga kila mlango wakipiga kelele "Kangwa, fungua!" kisha wanakimbia. Padri alikatiza mahubiri mara mbili kwa kelele zao.

Sasa sikiliza kilichotokea hapa. Siku ile ya kwanza nilikuwa sebuleni na Mama wa Agnès, tunachagua maharage. Sikumwambia chochote, nilitaka amsikie mkwe wake ghafla afurahi. Tangazo likaanza. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Ni nani njo anaita jina yangu mu televizyo?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, jina yako ni Honorine."

"Honorine ni ya padri. Kangwa ni ya baba yangu."

Kisha akasema, "Ni yeye. Mukwe." Akaomba nizime. Alitandika kitambaa cha mezani juu ya televisheni, na tangu siku hiyo anakaa mbele yake kila jioni, kimya, kama mtu anayelinda maiti. Haongei nami ila kuhusu chumvi.

Nkambo, nimeishi na mama huyu miaka sita. Namsugua mgongo. Najua jino gani linamuuma. Jina lake sikulijua. Kwa wote ni Mama wa Agnès, na kwenye kadi ya parokia ni Honorine, basi. Nimelala na jambo hili siku kumi na tatu na linanichoma kila ninapojigeuza.

Ulijua, ukaniandikia kuhusu mbuzi. Niambie sasa, tafadhali, yote.

Léa


Mitwaba, 30 Januari 2025

Mke wangu,

Mwaka mpya mwema. Kofia mpya nimepata, nyeusi, ninaitundika juu sana. Maharage tumevuna magunia matatu. Bega linauma upande wa gitaa. Usijichome sana, wewe ulikosea wiki moja, mimi nina miaka hamsini.

Haya, yote.

Mwaka 1974 nilikuwa fundi wa umeme mgodini Kambove, na jioni nilikuwa mpiga gitaa. Redio za Zambia zilituvukia mpaka na yale magitaa ya kunguruma, nasi tukatengeneza ya kwetu kwa nyaya za kazini. Bibi yako Agnès alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa na mlango wa bati na mwiko mrefu. Kijana aliyesogelea ule mlango alirudi na alama.

Jioni moja nilienda na gitaa. Niligonga, nikaomba, nikaimba. Hakufungua. Nilirudi kwa wenzangu na hasira, tukautunga wimbo usiku ule ule. Miaka ile serikali ilikuwa imekataza majina ya Kikristo, kila mtu aliitwa kwa jina la wazee wake, na la kwake lilikuwa zuri kwa kupiga kelele. Halikuwa jina la mama mkwe wangu wakati ule, lilikuwa jina la adui tu. Wimbo ukapigwa Kambove yote na Likasi. Kisha familia zikakubaliana, nikamwoa Agnès, na yule adui akawa mtu ambaye hata leo, kama unavyoona, kalamu yangu inamzunguka.

Wajomba wa Agnès walinitoza kuku wawili kwa kutaja jina, maana mkwe halitaji la mama mkwe wake. Nililipa. Niliapa sitauimba tena, na bendi bila wimbo huo ikafa kabla ya mwaka kwisha. Lakini unajua desturi yetu: mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe hadi siku mama mwenyewe ampikie, amkaribishe, ale mbele yake. Wengine hungoja mwaka mmoja, wengine mitatu. Mimi sikupikiwa kamwe. Agnès alikuwa akiingia na watoto, mimi nakaa uani, namsalimu mama yake nikiangalia ukuta. Wakati wa msiba wa Agnès, miaka mitatu iliyopita, wanaume wote walikuwa sebuleni kwa mama yake kuzunguka jeneza. Mimi nilimuaga mke wangu kupitia dirishani.

Sikukuambia kwa sababu ni aibu, na kwa sababu ulinisifia uzuri.

Ana miaka themanini na tisa, nami nina sabini na nne. Sitaki mmoja wetu azikwe na jambo hili. Waombe wenye tangazo waliondoe. Na umpelekee kuku kwa niaba yangu, uombe msamaha tena kwa ajili ya jina. Nenda taratibu.

Alphonse


Naviundu, 16 Machi 2025

Nkambo, mume wangu wa uani,

Tumshukuru Mungu, sote wazima. Mama amerudi Likasi. Paluku ana mawazo mengi kwa ajili ya ndugu zake walio vitani Kivu, lakini lori linatembea, na amenipa maparachichi ya bure, nikamwekea Mama wa Agnès mawili.

Ézéchiel amekataa kuliondoa. Milango inauzika. Alinipigia hata makofi mbele ya wenzangu, nikatamani ardhi inimeze na kiti changu.

Kuku nilimnunua mwekundu, mkubwa, nikampeleka Jumamosi asubuhi nikapiga magoti. Nakuandikia maneno kama yalivyotoka.

"Uyu kuku ni ya nini?"

"Ya Nkambo Alphonse. Anaomba musamaha juu ya jina."

"Jina? Kuku mbili za jina nilishakula mwaka ile ile. Mambo ya jina iliisha."

Nilibaki na kuku mkononi, anapiga mabawa. Nikauliza, "Sasa juu ya nini haukumupikia?"

Naye akauliza, "Ile nyimbo, uliisikia yote? Ao ile kipande ya milango tu?"

"Niliisikia yote."

"Imba ile ingine."

Nikaimba ubeti wa pili, ule niliouondoa, na nilipofika katikati ndipo nilipouelewa: "Kangwa, bukari yako inaungua, moshi inatoka chini ya mulango." Ugali wake!

Akapiga mapaja yake kwa viganja. "Njo ile! Njo ile! Ku mine, ku misa, ku kisima, Kambove yote: Kangwa anaunguzaka bukari! Bakubwa na batoto! Mwanaume anasema bukari yangu inaungua, halafu miye nimupikie? Apike yeye!"

Nkambo. Miaka hamsini. Ulilipa kuku kwa kosa lisilokuwepo, na lile lililokuwepo hukuligusa. Nilicheka hadi kuku akanitoroka, naye akacheka, meno yake yote manne. Tulimkamata pamoja, yeye akielekeza kwa fimbo.

Kisha akaniambia jambo la pili, bila kucheka. Kitambaa amekiondoa mwenyewe, zamani, saa ambazo mimi niko kazini. Analisubiri tangazo. "Baba yangu alikuwa ananiita Kangwa, bwana yangu, dada zangu. Bote balishakufa. Sasa muntu wa kuniita ni ile televizyo. Saa ingine ninajibu." Nilipomuuliza anajibu nini alisema, "Ninasema: Niko hapa, unagonga ya nini?"

Na wimbo mzima ungempiga tena palepale pa zamani. Aliweza kuusikia kwa sababu niliukata. Nimelifikiria hili hadi kichwa kimeuma. Nilidhani ninauharibu.

Ujumbe wake ni huu, nimeuandika mbele yake: "Mwambie akuje. Nitapika miye mwenyewe. Lakini mbele ya kula aniambie na kinywa yake kama bukari yangu haikuungua."

Mvua ikiisha, njoo.

Léa wako


Mitwaba, 20 Aprili 2025, Pasaka

Mke wangu,

Kristo amefufuka, na mimi karibu nife kwa furaha. Nimesoma barua yako shambani nikakaa chini kwenye maharage ya msimu wa pili. Mbuzi wa jirani amejifungua mapacha, nimesamehe kofia.

Nakuja na Paluku mwezi wa tano. Nimenunua kitenge cha kumpa, cha bluu. Nimenyoa ndevu kwa majaribio.

Kuna tatizo moja. Iliungua.

Léa, nilikuwa pale. Moshi ulitoka chini ya mlango na juu ya mlango. Harufu ilinifuata hadi kambini. Sikutunga, niliripoti. Sasa mama ananitaka niseme uongo mezani pake, siku ya kwanza ya kuingia nyumbani mwake, na mimi nimeungama Jumatano hii hii. Nikisema ukweli, narudi uani hadi kufa. Nikidanganya, kila tonge litanikaba, naye ni mtu anayeona mawe ndani ya gunia lililofungwa.

Wewe umesoma. Nifanye nini?

Alphonse


Naviundu, 3 Mei 2025

Nkambo,

Tu wazima. Mama atakuwepo. Mama wa Agnès amenituma sokoni mara tatu kwa fungu moja la majani ya sombe. Mawili ya kwanza aliyarudisha.

Umeniuliza, nami sijui. Ninaweza kukuambia tu kwamba nilitia sahihi mahali pako mara moja kwa kuogopa kukosa kitu nilichokitaka, na kitu hicho nilipokipata sikuweza kukifurahia hata siku moja. Ukisema uongo utakuwa ndani ya nyumba, lakini sitajua kama ni wewe uliyeingia.

Tangazo limekwisha tangu Jumatatu. Kiwanda sasa kina tangazo la mabati na wimbo wa mtu mwingine. Jioni Mama wa Agnès anaketi analingoja lile letu, halafu analala mapema.

Njoo upesi.

Léa


Mitwaba, 12 Juni 2025

Mke wangu Léa,

Nimefika nyumbani salama baada ya siku tano. Paluku alipasukiwa na matairi mawili na akanilaumu kwa uzito wa chakula mlichonifungia. Jirani ameniuliza kwa nini natembea kama askofu. Nimemwambia nimetoka kula kwa mama mkwe wangu.

Ulinishika mkono ukaniingiza. Nilikaa kwenye mkeka, macho chini, kama kijana. Uliona vyungu saba vikifunuliwa kimoja kimoja na mama yako akinitajia kilichomo. Ulimwona mwenye nyumba akiketi mbele yangu na bukari nyeupe. Kisha alikutuma wewe na mama yako mkalete maji ya kunawa, ingawa maji yalikuwepo. Mliporudi mlinikuta nakula. Uliniuliza jioni ile, ukaniuliza asubuhi, ukaniuliza hadi kwenye mlango wa lori. Sikuweza kulisema kwa mdomo. Kwa kalamu naweza.

Mlipotoka alisema, "Aya. Sema."

Nilisema, "Mama, iliungua. Niliona moshi. Kuiimba mbele ya bantu, pale njo nilikosea. Lakini iliungua." Nikaanza kuinuka, kwa sababu nilijua nimekwisha.

Alikuwa anaangalia mikono yake. Halafu akasema, polepole sana, nililazimika kumgeuzia sikio langu zima:

"Najua iliungua. Nilikuwa nasimama nyuma ya mulango na mwiko. Nilikuwa nasikiliza gitaa."

Akakata tonge kwa mkono wake, akaliweka kwenye sahani yangu. "Kula," akasema, "inapoa."

Mumeo,
Alphonse